Chujio la Miembeni

Mvua ilipokatika, Evelyne alishuka bondeni kuangalia mafunjo, na kabla hajayafikia alijikuta amesimama njiani, ameziba pua kwa kiganja. Harufu za mtaro ule alikuwa anazijua zote: oili ya gereji, maganda ya ndizi yaliyochacha, majivu yaliyolowa, pampasi. Hii ilikuwa nyingine. Ilikuwa nzito, yenye utamu fulani wa kuchukiza, ya kuganda kooni, na yeyote aliyewahi kupita nyuma ya choo kilichojaa angeitambua bila kuambiwa.

Akaendelea kushuka huku akipumua kwa mdomo, akajuta, maana sasa alikuwa kama anaionja.

Evelyne Mutalemwa alizaliwa Muleba, katika kibanja cha migomba na kahawa upande wa Kamachumu. Alikwenda Dar es Salaam kusomea uhandisi wa maji, na aliporudi Kagera alipanga chumba Nyanga, pembezoni mwa mji, akaajiriwa na shirika dogo la mazingira. Kazi yake ya kwanza ya kujivunia ilikuwa hii ya mtaa wa Miembeni. Mvua ikinyesha mjini, maji ya mabati na ya barabara hukusanyika mtaroni na kuteremka kuelekea ziwani yakiwa yamebeba uchafu wote wa mji. Chini kule, kabla hayajafika ziwani, wanawake waliolima mboga walikuwa wakiyachota kwa ndoo na kumwagilia hivyo hivyo.

Akawaambia yanaweza kusafishwa bila mashine. Wakachimba shimo la kutuliza mchanga na takataka. Baada ya shimo wakatengeneza matuta mapana ya kokoto na mchanga, wakapanda mafunjo na matete juu yake. Maji yalipita polepole chini ya kokoto, katikati ya mizizi, na vijidudu visivyoonekana vilivyoishi kwenye mizizi ile vikawa vinaula uchafu kama chakula. Yakitoka hapo yalipumzika kwenye bwawa la kina kifupi, yakapigwa na jua, kisha yakaingia kwenye tangi. Si maji ya kunywa, Evelyne aliwaambia hivyo mara nyingi mpaka wakamcheka. Ni ya bustani, ya kudekia, ya kufyatulia matofali. Maabara iliyapima, ikasema kwa bustani yanafaa.

Siku yalipotoka kwa mara ya kwanza, Ma Georgina, mjane kutoka Kagondo aliyekuwa kiongozi wa wale wanawake, aliyakinga mkononi, akayanusa, akayanusa tena. Akasema kwa Kihaya kwamba hayanuki kitu. Kisha akanawa nayo uso mbele ya wote.

Sasa Evelyne alisimama mbele ya tuta la kwanza, hakuamini. Kokoto zilikuwa zimevaa ngozi nyeusi, yenye kuteleza, na ngozi ile ilikuwa inachezacheza. Aliinama kuitazama vizuri. Walikuwa funza. Alifunua shimo la kutulizia, akakutana na povu la rangi ya kahawia, vipande vya karatasi vilivyovimba, na vitu vingine ambavyo macho yake yalikataa kuvitazama mara ya pili. Alirudishia kifuniko, akasogea pembeni, akatema mate mpaka mdomo ukakauka.

Ma Georgina alimkuta hapo.

"Unaumwa, mwanangu?"

"Shikamoo, Ma. Siumwi. Nusa tu."

"Marahaba. Sina haja ya kunusa, nimeisikia tangu barabarani." Ma Georgina alilitazama tuta kwa muda. "Hii si takataka ya mtaro. Haya ni mavi ya watu."

"Ndiyo."

"Na jana tumemwagilia."

Mwaka ule masika yalikuja kwa kukatikakatika, mvua ya kumwaga halafu jua kali, na wanawake walikuwa wakimwagilia kila jua lilipozidi. Matuta ya mchicha na chainizi yalikuwa yamenawiri, majani mapana, ya kijani kilichoiva. Kuyatazama tu kulimfanya Evelyne ameze mate machungu.

Alipeleka maji maabara. Majibu yalirudi kama alivyotarajia: vijidudu vya kinyesi vilikuwa vingi kuliko hata vilivyokuwa kwenye maji ya mtaro kabla chujio halijajengwa. Jambo hilo ndilo lililomsumbua. Chujio likizidiwa, maji hutoka machafu kama yalivyoingia. Hayawezi kutoka machafu kuliko ya zamani, ila kama kinachoingia kimebadilika. Kuna mtu huko juu aliyeanza kufanya jambo ambalo zamani hakulifanya.

"Kuna watu wanatapisha vyoo," alimwambia Ma Georgina. "Mvua ikianza wanafungua chemba zao, maji yanabeba. Mvua ijayo nitapanda na mtaro mpaka niwaone."

"Tutapanda wote," Ma Georgina alisema.

Mvua ilikuja Alhamisi mchana, ile ya kutoka ziwani, inayotangulizwa na upepo na kuacha mji mzima umejibanza chini ya vibaraza. Wao wawili walivaa mabuti, wakafuata ukingo wa mtaro kupanda Miembeni. Watu waliokuwa wamejikinga madukani waliwatazama kama wendawazimu. Kwa mwendo mrefu maji yalikuwa ya kawaida, mekundu kwa udongo, yakisukuma chupa na maganda. Walipofika nyuma ya ukuta mrefu uliopakwa rangi ya maziwa, maji yalibadilika mbele ya macho yao. Upande wa juu mekundu. Upande wa chini meusi.

Chini ya ukuta palikuwa na majani ya mgomba yaliyorundikwa vizuri, kwa mpangilio mzuri mno. Ma Georgina aliyasukuma kwa mguu. Nyuma yake kulikuwa na bomba la plastiki, nene, jipya, lililojengewa kwa saruji safi. Lilikuwa linatapika. Halikutiririsha kama bomba la maji. Lilikohoa, likanyamaza, likasukuma donge, likakohoa tena. Kitu laini kilirukia buti la Evelyne kikang'ang'ania hapo. Alitikisa mguu kwa nguvu, kisha tena na tena, ingawa kilikwisha kudondoka.

"Huu ni ukuta wa Projestus," Ma Georgina alisema.

Projestus Kahigi alikuwa na gesti kubwa kuliko zote mtaani pale. Alikuwa mwenyekiti wa jumuiya ndogo ndogo ya Kikristo, mtu mwenye sauti ya upole aliyepewa kipaza sauti kila palipokuwa na msiba au harusi. Siku chujio lilipozinduliwa ndiye aliyeongoza sala. Na jikoni kwake ndiko mboga za Ma Georgina zilikoagizwa kwa ajili ya harusi ya Jumamosi ile.

Waliingia kwa mlango wa mbele, wakiwa wamelowa. Projestus aliinuka kwenye kiti chake cha mapokezi na kuwalaki kwa Kihaya, kwa furaha.

"Nyegera, waitu. Karibuni. Mvua hii na ninyi mko nje? Restituta, waletee wageni chai."

Mke wake, mwanamke mwembamba aliyekuwa akikunja mashuka, alikwenda jikoni. Chai ililetwa. Evelyne aliitazama ikifuka mvuke, akafikiria mikono, vikombe na maji ya jikoni ile, na hakuigusa.

"Shikamoo, mzee," alisema. "Tumetoka nyuma ya ukuta wako. Tumeona bomba."

Alitegemea mtu yule ashtuke, au akane. Projestus alitikisa kichwa taratibu kama mwalimu aliyeulizwa swali jepesi.

"Ndiyo. Nililiweka mvua hizi zilipoanza."

"Linatoa choo, mzee."

"Linatoa maji ya choo, wakati wa mvua tu. Jua likiwaka sifungui. Mimi si mtu wa hovyo." Alikoroga chai yake. "Zamani nilikuwa naita lile gari la kunyonya. Linakuja, linanuka, wateja wanakimbia. Halafu wewe mwenyewe, bibi injinia, ukasimama pale bondeni ukatueleza kwamba majani yale yanakula uchafu. Nilikusikiliza vizuri. Nikasema basi, Mungu ametuletea mkombozi. Sasa tatizo ni nini? Yale si chujio?"

Yule mtu hakuwa ameiharibu kazi ya Evelyne kwa kuipuuza, alikuwa ameitumia. Kabla ya mafunjo yale alikuwa akiita gari. Ni mafunjo yaliyomfundisha kufungua bomba.

"Ni chujio la maji ya mvua," Evelyne alisema. "Halikujengwa kubeba choo cha gesti."

"Si mimi peke yangu," Projestus alisema kwa upole ule ule. "Ukiendelea kupanda utayaona mengine. Mtaa mzima unakushukuru."

Ma Georgina alikuwa amekaa, maji yakimtiririka kwenye kanga. Sasa aliuliza, "Projestus, mboga zangu mnazopika hapa, wewe unazipenda?"

"Wageni wanazisifu sana."

"Nimekuuliza wewe."

Alisita kidogo, sekunde tu. "Mimi majani ya bondeni sili. Tumbo langu haliyapendi. Restituta ananichumia kule kwetu Kagondo, kwenye kibanja."

Restituta, aliyekuwa amesimama mlangoni, alitazama chini. Ma Georgina aliinuka, akaweka kikombe chake mezani kikiwa kimejaa.

"Basi ulijua," alisema. "Jumamosi usinitegemee. Sina mboga."

"Ma Georgina, harusi ya watu. Wageni watakula nini?"

"Watakula chochote ambacho hukukinyea."

Kesho yake asubuhi wanawake walikutana bondeni. Wengine walilia, kwa sababu mboga zilikuwa zimefikia kuvunwa na hazikuwa na doa. Mmoja aliuliza kama haziwezi kuoshwa kwa chumvi, au kuchemshwa sana. Ma Georgina alimjibu kwamba anaweza kuzichemsha mpaka ziwe uji, lakini yeye hatasimama sokoni amtazame mama mwenzake machoni huku akimfungia mavi kwenye gazeti. Wakang'oa. Walichimba handaki, wakatupa mchicha, chainizi na figiri ndani, wakanyunyiza chokaa na kufukia. Evelyne alifukia nao. Majani yaliyovunjika yalitoa harufu yao nzuri mbichi, na harufu ile nzuri ndiyo iliyomtia kichefuchefu kuliko zote, kwa vile ilikuwa inadanganya.

Kisha alikwenda kwa Hafidhi, mwenyekiti wa mtaa, mtu mnene mwenye duka la vifaa vya ujenzi.

"Mwenyekiti, nafunga mlango wa chujio. Siwezi kulisafisha likiwa linaendelea kupokea. Mtaro wa zamani tuliuziba tulipojenga, kwa hiyo maji yatafurika barabarani, mbele ya maduka."

Hafidhi alikunja uso. "Pamoja na hayo ya vyoo?"

"Pamoja nayo. Hayo si yangu, ni ya mtaa. Mtaa ukitaka yasipite, uzibe mabomba. Naomba uwatangazie watu kabla mvua haijanyesha."

Alitangaza, kwa spika ya kuazima, akizunguka mitaani. Watu walisikia, wakaendelea na shughuli zao. Evelyne na wanawake walipanga viroba vya mchanga mdomoni mwa chujio.

Mvua iliyofuata ilikuwa fupi, lakini ilitosha. Maji yalifika kwenye viroba, yakageuka, yakapanda barabara ya chini na kutanda mbele ya maduka. Yalipopungua yaliacha kile yalichokibeba: vizingitini, kwenye ngazi za saluni, chini ya meza ya muuza samaki. Jua lilitoka. Inzi wakaja, wale wa kijani. Muuza duka mmoja alisukuma uchafu kwa ufagio mpaka mbele ya jirani yake, na jirani akaurudisha, na hao wawili waliosali benchi moja miaka yote wakaanza kushikana mashati. Ilipofika jioni mtaa mzima ulikuwa umefunika pua, na lawama zote zilikuwa zimemwangukia mtu mmoja.

"Ni yule binti wa Muleba," walisema. "Alituletea majani, sasa anatumwagia mavi."

Mkutano ulifanyika kwenye uwanja wa shule, mahali ambapo harufu haikufika vizuri. Evelyne alizomewa aliposimama. Alieleza jinsi chujio linavyofanya kazi na jinsi linavyokufa, kwamba mizizi hukosa hewa, vijidudu vyema hufa, na kinachobaki ni choo kisicho na paa. Hakuna aliyemsikiliza. Projestus alipewa kipaza sauti, akasema kwa sauti yake nzuri kwamba tusitafute mchawi, tuombe hekima, wataalamu wakae waangalie upya.

Ma Georgina hakusubiri kipaza sauti.

"Mimi sijasoma," alisema. "Sina la kitaalamu. Nataka kuwaambia mlichokula. Tangu mvua zianze, mboga mlizonunua kwangu zilimwagiliwa na vyoo vyenu. Sikujua. Wewe hapo, ulinunua kwangu Jumapili. Na wewe, kwa ajili ya mtoto anayeanza kula. Mliofungua mabomba mlidhani mavi yanakwenda mbali. Hayakwenda mbali. Yalishuka bondeni, yakalala, yakarudi mezani kwenu na kitunguu na nyanya."

Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni alisogea pembeni, akainama, akatapika. Mwingine akamfuata. Mwanamume aliyekuwa akizomea kuliko wote alijifuta midomo kwa mgongo wa mkono, akajifuta tena.

Siku ile ile Hafidhi alipanda na mtaro, watu wakimfuata nyuma. Mabomba yalikuwa mengi kuliko Evelyne alivyofikiri. Mengine yalifichwa chini ya matofali, mengine hayakufichwa kabisa. Hafidhi alitoa saruji dukani kwake na yakaanza kuzibwa moja baada ya jingine, wenyewe wakitazama kando. La Projestus lilizibwa yeye akiwa amekwenda Muleba kwenye msiba, au hivyo ndivyo ilivyosemwa.

Ikabaki kazi ya kulitibu chujio. Matuta mawili ya mwanzo yalikuwa yamekufa. Ilibidi kokoto zote zitolewe kwa koleo, zioshwe, na tope lizikwe mbali na maji. Lile tope lilikuwa na uzito wa uji uliolala, lilishika koleo lisitake kuachia, na kila lilipoachia lilitoa sauti kama ya kumeza. Mafunjo yaling'oka bila kuvutwa, mizizi imegeuka kamasi. Evelyne alifunga kitambaa puani, akatapika, akakifunga tena, akatapika tena, mpaka Ma Georgina akamwamuru akae juu penye upepo.

Akiwa amekaa, alimwona Restituta anashuka. Alikuwa peke yake, amevaa gauni kuukuu na mabuti ya mumewe yaliyomzidi. Hakusalimia kwa muda mrefu kama desturi. Alichukua koleo, akaingia tuta la kwanza, pale penye kina, akaanza kuchota. Wanawake walimwachia nafasi kubwa kuliko alivyohitaji.

Walipopumzika, Evelyne alimpelekea maji ya kunawa.

"Nilimwambia," Restituta alisema, akitazama mikono yake. "Nilimwambia wanawake wale wanamwagilia. Akasema si sisi tutakaokula. Nikaenda Kagondo kumchumia mboga zake. Kila wiki, Evelyne. Nilizichuma, nikazipika, nikakaa naye mezani." Alisugua vidole. "Sasa akila namtazama mdomo, nashindwa kukaa."

Evelyne alimmiminia maji mpaka jagi likaisha.

Walipanda mafunjo mapya, machipukizi mafupi yaliyoletwa na baba yake Evelyne, Mzee Audax, kutoka kwenye kinamasi cha huko kwao, yakiwa yamefungwa kwa magunia yenye unyevu. Aliyashusha, akanusa hewa, akamwuliza binti yake kwa sauti ya chini kama hakuna kazi nyingine mjini. Kufikia kiangazi yalikuwa yamefika kifuani. Maji yalipimwa, yakafaa. Yakapimwa tena, yakafaa. Wanawake walipanda upya. Miembeni hawakununua, wala Ma Georgina hakuwatembezea; alipeleka mboga zake soko jingine, na kila mteja alimweleza zinakomwagiliwa, yaliyozipata zile za kwanza, na kilichofanyika. Wengine waliondoka. Wengine walibaki, wakanunua. Evelyne mwenyewe alichukua fungu, akalipika vizuri kwa karanga, akaketi nalo. Alijua kwa elimu yake yote kwamba ni safi. Alitafuna kidogo, akalitoa kinywani kwa vidole.

Jumapili moja, baada ya misa, Projestus alimwona nje ya kanisa. Alikuwa amesimama na watu wa jumuiya yake, koti limepigwa pasi, na walikuwa wanacheka kwa jambo alilosema. Alimwita kwa uchangamfu.

"Bibi injinia. Habari za mafunjo yetu?"

Alinyoosha mkono. Watu walikuwa wanatazama, na Evelyne alikuwa amelelewa. Alikunja goti kama alivyofundishwa kuwaamkia wakubwa, akampa mkono wake.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, marahaba. Mungu akubariki kwa kazi yako."

Mkono ule ulikuwa mkavu, wenye joto, na ulinukia sabuni. Projestus aliushika wa Evelyne kwa muda mrefu, kwa mikono yote miwili, kama wafanyavyo watu wazima wanaompenda mtu. Alipomwachia, Evelyne alitembea kwa miguu mpaka Nyanga, na njia nzima aliubeba mkono wake wa kulia mbali na gauni.